Mboga na Heshima ya Sinia

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa letu, mazoea yetu ni kuanza na ngoma, kufuatisha mashairi, na kumalizia na nakshi, mavazi na michezo. Mwalimu Julius Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, aliwasikitikia watu waliojua barabara dansi za Ulaya na huku hawazijui ngoma za wazee wao. Masikitiko yale yalikuwa ya haki, na yalizaa vikundi vya sanaa, mashindano na vitabu. Lakini chungu hakikupata mtetezi. Imekuwa kana kwamba mtu hushika utamaduni wake siku ya sherehe, akiwa uwanjani, na kuuweka kando kila mchana anapoketi mkekani na kunyoosha mkono kwenye sinia. Ngoma huchezwa kwa msimu. Chakula huliwa kila siku, na ndani yake mna lugha, historia, mgawanyo wa kazi, na mizani ya kile tunachokiona cha thamani na kile tunachokiona duni.

Makala haya yanakusudia kuhakiki jambo moja dogo katika chakula cha Kisiwa cha Pemba, nalo ni mapishi ya mboga za majani katika mlo wa kila siku. Nasema kuhakiki, wala sisemi kufundisha kupika, kwani wapishi wa Pemba hawamhitaji mwalimu wa namna yangu. Kazi ya mhakiki ni kuionja kazi ya mwenziwe kwa uaminifu, kutaja uzuri wake na kasoro zake, na kutafuta asili ya kila kimoja. Ndugu msomaji asione kuwa jambo lenyewe ni dogo mno kwa kitabu cha namna hii. Atakapofika mwisho ataona kwamba lina uhusiano na damu ya watoto wetu.

Nilipata kukaribishwa chakula cha mchana katika nyumba moja si mbali na mji wa Wete. Sinia lililetwa limefunikwa kawa, na kawa ilipoondolewa palionekana wali mweupe, juu yake vipande vya changu wa kukaanga, na pembeni bakuli dogo la mchicha. Mikono yote ilikwenda kwenye samaki. Mjukuu wa nyumba ile, mtoto wa umri wa miaka kumi hivi, alilisukuma bakuli kwa kidole mpaka likafika mbele ya bibi yake, akasema kwa upole kwamba majani ni ya bibi. Watu wakacheka. Bibi akalipokea bila neno. Mimi, kwa adabu ya mgeni, nikachota kidogo nikaonja, na baada ya kuonja nikampa haki yule mtoto. Mchicha ulikuwa umechemshwa mpaka ukapoteza rangi, maji yake yamemwagwa, haukutiwa tui wala kitunguu, na chumvi ilisahauliwa. Ulikuwa chukuchuku na ulikuwa chapwa. Ulimi wa mtoto haukukosea.

Nimelitaja tukio hili mapema ili tusije tukaanza na lawama kwa watoto. Watu wazima wengi, wakiwamo walimu, hudhani kuwa mtoto huchukia mboga kwa utundu au kwa deko. Hoja yangu ni nyingine. Mboga ya Pemba haikukosa utamu, imepungukiwa heshima. Chakula kisichoheshimiwa hupikwa kwa pupa, na kikipikwa kwa pupa hukosa utamu kweli, na kikikosa utamu hudharauliwa zaidi. Hii ndiyo duara tunayotakiwa kuikata, na ili tuikate yafaa tujue ilivyofungwa.

Tuanze na lugha, kwani dharau huanza mdomoni kabla ya kufika jikoni. Katika Kiswahili cha Visiwani, kinacholiwa pamoja na wali, ugali, ndizi au muhogo huitwa kitoweo, na kukila hivyo ni kutowelea. Kwa maana hiyo kila kinachotowelewa kingestahili kuitwa kitoweo, kiwe samaki, nyama, kunde au majani. Lakini sikiliza mazungumzo ya siku ambayo bahari imechafuka na wavuvi hawakutoka. Mama wa nyumba husema leo hamna kitoweo, na huku chungu cha kisamvu kinatokota mbele yake. Akiulizwa watoto watakula nini, hujibu kuwa watakula kwa mboga tu. Hilo “tu” ni neno fupi, lakini limebeba hukumu nzima. Wenzetu wengi wa Bara huita mboga kila kinacholiwa na ugali, hata nyama na samaki, kwa hiyo kwao nyama ni mboga mojawapo. Sisemi tuyaache matumizi yetu tuchukue yao. Nasema tuitazame tofauti hii, kwani lugha moja imeweza kukiweka kitu kile kile katika daraja mbili. Aidha, tunaposema “majani” bila ya kuongeza neno, tunatumia jina lile lile la chakula cha ng'ombe. Mtoto anayeambiwa ale majani husikia yote hayo kabla hajafumbua mdomo.

Dharau hii ina historia pia. Mabaharia wa Kiarabu wa zamani waliiita Pemba Al-Jazira al-Khadhra, yaani Kisiwa cha Kijani, na kila aliyekiona kwa mara ya kwanza kutoka chomboni anajua kwa nini. Vilima vimefunikwa miti, na mabonde yana maji ya kulima mpunga. Lakini kijani kilichotawala uchumi wetu kwa muda mrefu ni cha mkarafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ikawa ndiyo kisiwa kikuu cha karafuu. Karafuu ilileta fedha, fedha ikaleta mchele wa ng'ambo, na mchele ukawa kipimo cha nyumba yenye nafasi. Bustani ya mboga ilibaki nyuma ya nyumba, kazi ya wanawake, isiyoandikwa katika daftari la mtu yeyote.

Kisha kulikuja miaka ya dhiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchele na unga wa kuagizwa kutoka nje vilipunguzwa sana Visiwani, na watu wa Pemba wakarejea kwenye muhogo, ndizi na majani. Mimi nilizaliwa karibu na miaka hiyo na nilikulia katika masimulizi yake. Kwa wazee wetu, chungu cha kisamvu bila samaki hakikuwa chakula pekee, kilikuwa ukumbusho. Mtu aliyepita katika dhiki akipata nafuu, mara nyingi kitu cha kwanza anachokiondoa kwenye sinia ni kile kilichomwokoa. Hatuwezi kuwalaumu. Lakini wajukuu wao hawakuishi katika dhiki ile, nao wamerithi dharau bila ya kurithi sababu yake.

Hapa msomaji makini atauliza kama kweli dharau ni juu ya mboga zote. Sivyo, na jibu hili ndilo linalotupa ufunguo. Tazama kachumbari. Kitunguu, tungule, pilipili na ndimu, vyote vibichi, huandaliwa kando ya pilau katika harusi kubwa kabisa, na hakuna mgeni anayesema amelishwa majani. Pilau isiyo na kachumbari huonekana na kasoro, na mwenye shughuli husemwa. Tazama pia futari ya mwezi wa Ramadhani. Boga, ambalo mwezi mwingine huoza shambani, hupikwa kwa nazi, likawekwa katikati ya sinia pamoja na muhogo, majimbi na shelisheli, na watoto hugombania.

Nilirudi katika nyumba ile ile ya karibu na Wete wakati wa kufuturu. Yule bibi alikuwa amepika boga kwa tui zito, kwa chumvi ya kutosha na iliki kidogo, na mjukuu wake, aliyelisukuma bakuli la mchicha, alikula mpaka akakatazwa. Jiko lilikuwa lile lile, mikono ile ile, na nazi za shamba lile lile. Kilichozidi ni nia. Kwa futari mpishi alipewa muda, nazi na matarajio ya watu. Kwa mchicha wa siku ya kawaida hakupewa hata kimoja. Wahenga walisema mchele ni mmoja, mapishi mbalimbali, na methali hii ni ya kweli zaidi kwa mboga kuliko kwa mchele wenyewe, kwani mchele hata ukipikwa vibaya bado una wa kuutetea.

Sasa tuihakiki juhudi iliyofanywa kuirejeshea mboga nafasi yake. Haikosi kusifiwa. Mwaka 1973 ilianzishwa kwa sheria Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania. Mwaka huo huo kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi wa Bara katika vikundi vya kusikiliza na kujadiliana, na mwaka 1975 ikafuatwa na kampeni ya Chakula ni Uhai. Shuleni, vizazi kwa vizazi vya wanafunzi vimefundishwa kuwa kuna vyakula vya kutia nguvu, vyakula vya kujenga mwili na vyakula vya kulinda mwili, na kwamba mboga na matunda ni vya kulinda. Nami nilifundishwa hivyo, nikajibu swali hilo katika mtihani, nikapata alama zangu.

Elimu hiyo ni ya kweli, lakini kama hoja ya kumvuta mlaji ina kasoro. Kwanza, imeifanya mboga kuwa mlinzi, na hakuna mtu anayemkaribisha mlinzi karamuni, humwacha mlangoni. Pili, imeitenga faida na ladha, hata mwanafunzi akadhani kuwa chenye faida hakina budi kuwa kibaya kama dawa. Tatu, imerudiarudia amri ya kula mboga bila ya kusema zipikwe vipi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtoto anayeona mboga zikitembezwa kila siku kwenye picha za ukutani na katika nasaha za wakubwa, na huku samaki na pilau havihitaji picha wala nasaha, ana haki ya kushuku bidhaa yenyewe. Tulipaswa kumwonjesha kwanza, kisha tukamweleza.

Basi na tuonje. Nachukua kisamvu cha nazi, kwani kwa maoni yangu ndicho kilele cha ufundi wa mapishi ya majani katika pwani yetu. Majani machanga ya muhogo huchumwa, hutolewa vikonyo, huoshwa na kutwangwa katika kinu mpaka yawe laini. Huchemshwa kwa muda mrefu, hutiwa tui jepesi yakaendelea kuiva pamoja na kunde au mbaazi, na mwishoni hutiwa tui zito, mpishi akikoroga bila kuchoka ili tui lisikatike. Kisamvu kizuri hujulikana kwa alama tatu. Kinapogusa ulimi hakina nyuzi. Tui lake limeshikana na majani, wala halikuelea juu kama mafuta. Na chumvi yake huonekana mwisho, baada ya utamu wa nazi, isiutangulie. Kikikosa alama moja katika hizo bado chaweza kuliwa. Kikikosa zote tatu, mtoto atakisukuma na atakuwa na haki.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba ufundi huu wa ladha ni ufundi wa afya pia. Majani mabichi ya muhogo yana sumu ya sianidi. Kutwanga huivunja, na kuchemsha kwa muda huifukuza, kwa hiyo kazi ile ndefu ya bibi zetu, ambayo wengine huiona ushamba, ni kinga. Mboga za kijani kilichokoza zina vitu ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, navyo hupokewa vizuri vinapoliwa pamoja na mafuta. Tui la nazi, ambalo tulilitia kwa ajili ya utamu, ndilo linalofungua mlango. Mchicha wa chukuchuku niliouonja siku ile ulikuwa umekosa ladha, na kwa sababu ile ile ulikuwa umekosa sehemu ya faida.

Mchicha na matembele yana kanuni tofauti na kisamvu. Haya ni majani mepesi, na adui yake ni moto wa muda mrefu. Mpishi hodari hukaanga kitunguu kwanza, hutia tungule, hutia majani yakiwa bado na matone ya maji ya kuoshea, huyageuza mara chache, hutia tui, na huepua kabla rangi haijafifia. Maji hayamwagwi, kwani hakuna maji ya kumwaga. Ndimu hukamuliwa baada ya kuepua. Hapa tena ulimi na elimu vinakubaliana, kwa kuwa ukali wa ndimu huamsha ladha ya majani, na vitamini C iliyomo, ambayo moto ungeiharibu, huusaidia mwili kuyapokea madini ya chuma yaliyomo katika mboga. Chai ya rangi, kwa upande wake, huzuia upokeaji huo, kwa hiyo ni vyema ikanywewa baadaye, isifuatane na chakula.

Kuna pia mchunga, jani chungu linaloota lenyewe, ambalo wengi wameliacha. Wazee walilichanganya na majani mapole, wakalipika kwa tui, na uchungu ukabaki kidogo, wa kutosha kumfanya mlaji ahisi anakula kitu chenye tabia yake. Mpishi aliyejua kulitumia mchunga alijua kwamba chakula kisichokuwa na uchungu wala ukali hata chembe huchosha upesi. Mtunzi wa mashairi analijua jambo hili. Shairi la sifa tupu halimalizwi.

Kwa nini nimesema jambo hili linahusu damu ya watoto wetu? Watoto wa shule wa Pemba walichunguzwa sana kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, na wengi walikutwa na minyoo ya safura na upungufu wa damu. Mwaka 2000 ilifunguliwa Wawi, Chake Chake, Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, ambayo imekuwa kituo cha utafiti wa maradhi hayo. Mwaka 2006 jarida la tiba la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio kubwa lililofanywa katika kisiwa chetu. Watoto wadogo waliopewa kila siku vidonge vyenye madini ya chuma na asidi ya foliki walipata maradhi mazito ya kulazwa hospitali, au walifariki, kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko wenzao ambao hawakupewa, na sehemu hiyo ya jaribio ilisimamishwa. Jambo hilo lilihusishwa na malaria, ambayo wakati ule ilikuwa nyingi Pemba. Tangu hapo malaria imepungua sana Visiwani, na wataalamu wamejifunza kutoa madini hayo kwa tahadhari zaidi.

Sitaki mtu asome maneno haya akaacha dawa aliyoandikiwa na daktari. Wala sisemi kuwa kisamvu kinaponya safura, kwani safura huondolewa kwa dawa ya minyoo, kwa vyoo na kwa viatu miguuni. Tena ni lazima tukiri kwamba madini ya chuma yaliyomo katika majani hupokewa na mwili kwa uchache kuliko yale ya nyama na samaki. Lakini somo moja la Pemba limebaki. Damu haijengwi kwa kidonge peke yake, na nyumba isiyokuwa na mlo mzuri wa kila siku hubaki ikingoja kuokolewa kutoka nje. Na kuna habari njema kwa mpishi. Samaki kidogo akiliwa pamoja na majani, mwili huyapokea vizuri zaidi madini yaliyomo katika majani yenyewe. Dagaa wachache wakitiwa katika mchicha, au kipande cha ng'onda kikitiwa katika kisamvu, huongeza ladha na huongeza faida. Samaki na mboga, ambao lugha yetu imewafanya mahasimu kwa kumwita mmoja kitoweo na mwingine “mboga tu”, walikuwa washirika tangu zamani katika chungu kimoja.

Imebaki sababu moja ambayo wanaume hatupendi kuitaja. Kupika mboga vizuri ni kazi kubwa. Samaki huparwa, hutiwa chumvi na kuwekwa motoni. Kisamvu huchumwa, huchambuliwa, huoshwa na hutwangwa. Nazi hufuliwa, hukunwa kwenye mbuzi, hukamuliwa na huchujwa kwa kifumbu. Kisha mpishi husimama juu ya chungu akikoroga. Wakati wa kuchuma karafuu, mama huyo huyo ametoka alfajiri na amerudi adhuhuri. Mwanamume aliyerudi na samaki mkononi huonekana ameleta kitoweo. Mwanamke aliyechuma mchicha nyuma ya nyumba, akaupika na kuuandaa, haonekani kuwa ameleta kitu. Nadhani hapa ndipo tulipofika kwenye mzizi. Mboga imekosa heshima kwa kuwa kazi yake haikuonekana, na haikuonekana kwa kuwa aliyeifanya hakuulizwa.

Nilipomuuliza mama wa nyumba ile ya Wete juu ya mchicha wake, alinijibu bila kukasirika. Nazi siku hizi ni ghali, alisema. Aliyo nayo huiweka kwa ajili ya wali au mchuzi wa samaki, kwa kuwa akiitia kwenye mchicha na mchicha usiliwe, atakuwa amepoteza vyote viwili. Hesabu yake ni sahihi. Minazi imezeeka na mingine imekatwa, na nyumba nyingi hununua kile zilichokuwa zikikiokota. Kwa hiyo anayedai mboga tamu na hachangii nazi, ndimu wala mkono wa kutwanga, anadai asichokigharimia.

Kutokana na haya nina mapendekezo machache kwa walimu na wanafunzi. Somo la lishe lisiishie ubaoni. Shule yenye shamba ipande mchicha, matembele na mronge kando ya ua, na mazao yake yapikwe shuleni mbele ya wanafunzi, kwa namna mbili: moja chukuchuku na moja ya kuungwa kwa nazi na ndimu. Waonje zote mbili, kisha waandike insha kueleza tofauti, kama wanavyoeleza tofauti ya mashairi mawili. Wavulana nao washike mchi na kukuna nazi, kwani atakayewahi kutwanga kisamvu hatokisukuma kwa kidole. Wanafunzi wa Kiswahili wakusanye kwa bibi zao majina ya majani yanayoliwa katika vijiji vyao, kuanzia Makangale hadi Kengeja, na namna ya kupika kila moja, kabla wenye kuyajua hawajaondoka. Na sote tujizoeze kusema, siku isiyokuwa na samaki, kwamba leo kitoweo ni kisamvu. Jina haliongezi chumvi, lakini humfanya mpishi akumbuke kuitia.

Nitachukizwa mtu akidhani nataka kila kitu kizame ndani ya tui. Tui likizidi huua ladha ya jani, na chumvi ikizidi huleta maradhi mengine. Ladha tunayoitafuta ni ya kipimo, na kipimo ndicho kilichokuwa elimu ya wazee wetu.

Ni haki nimalizie kwa kujihakiki mwenyewe. Katika ujana wangu nilitunga shairi refu la kumsifu baba yangu, aliyekuwa akitoka usiku na mtumbwi na kurudi asubuhi na samaki. Nilisifu mtumbwi, nilisifu mshipi, nilisifu hata magamba. Watu walilipenda, nami nikaona nimetimiza wajibu wangu kwa nyumba iliyonilea. Miaka mingi baadaye, nikilisoma tena, niliona kuwa ndani ya beti zote zile hamna mama. Siku za kusi, mtumbwi ulipokuwa umelala mchangani, tulikula kwa mikono yake, na hatukulala njaa. Alitwanga kisamvu ukumbini huku akitusikiliza tukisoma masomo yetu, na sauti ya mchi ndiyo iliyotuambia kuwa chakula kipo. Nilikula, nikashiba, nikaenda kumtungia mwingine.

Kosa lile la mshairi mmoja ni dogo. Lakini likiwa ndilo kosa la lugha yetu, la vitabu vyetu vya shule na la masinia yetu, basi limekuwa kosa la utamaduni, na kosa la utamaduni husahihishwa na wengi, kila mmoja mahali alipo, kuanzia chungu cha leo mchana.